Dhima kwa Mtu wa Juu ya Nguzo

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyashughulikia kwa karne nyingi ni lile la dhima, yaani jukumu la kujibu na kulipa, anayoibeba mtu kwa madhara ambayo mkono wake haukuyatenda moja kwa moja, bali yalipitia katika kitu alichokiweka mahali akaondoka, nacho kikaendelea kufanya kazi bila yeye kuwapo. Katika vitabu vya kale kitu hicho ni kisima, shimo, ukuta ulioinama au mnyama aliyeachwa bila kufungwa. Katika Dar es Salaam ya leo, kuanzia Magogoni penye Ikulu, kivuko na soko la samaki la Feri, hadi kwenye maghorofa yaliyobanana ya Kariakoo, kitu hicho ni jenereta pamoja na kisanduku kinachoiunganisha na nyaya za jengo. Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita chenjiova, hulihamisha jengo kutoka umeme wa TANESCO kwenda umeme wa jenereta na kulirudisha. Nacho kinastahili kuchunguzwa kwa jicho la dini na falsafa kwa sababu ndani yake yamewekwa pamoja mambo mawili yenye thamani zisizolingana, moja likiwa raha ya mwenye mali na la pili likiwa uhai wa mtu asiyemjua, na mazoea ya soko yamekuwa yakilisifu la kwanza na kulipita la pili kimya.

Haja ya umeme wa akiba haikuzaliwa na anasa. Shirika la Umeme Tanzania, yaani TANESCO, liliegemea kwa miongo mingi maji ya mito, kupitia mitambo ya Hale iliyoanza 1964, Kidatu 1975, Mtera 1988 na Kihansi mwaka 2000, na kila mvua zilipopungua sana, kama ilivyotokea 2006 na tena 2011, mgao wa umeme uliingia katika hesabu ya kila biashara, tangu barafu ya kuhifadhia samaki pale Feri hadi cherehani za vyumba vya juu vya Kariakoo. Kisiwa cha Unguja, ambacho wakati huo kilipata umeme wake kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka bara, kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na aliyekuwa na jenereta wakati huo alijaza tangi lake la maji huku jirani yake akibeba ndoo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115 na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, limeipa nchi nafasi ambayo haikuwa nayo kabla. Lakini uzalishaji ni sehemu moja tu ya safari ya umeme, na transfoma iliyozidiwa, nguzo iliyoanguka au kazi ya matengenezo hukata umeme wa mtaa hata pale bwawa linapofurika. Kwa hiyo jenereta imebaki, na pamoja nayo limebaki swali la namna ya kuiunganisha.

Kuna swali moja la muumini ambalo halihitaji nafasi kubwa, nalo ni kama kujiwekea akiba ya namna hii kunapunguza tawakali, yaani kumtegemea Mungu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijibu katika kitabu chake cha Ihya kwa kuzigawa sababu za dunia katika ngazi tatu, za kwanza zikiwa zile zenye matokeo ya uhakika, za pili zile ambazo matokeo yake hutarajiwa kwa dhana yenye nguvu, na za tatu zile za kuwaziwa tu. Akaona kwamba mtu anayeacha kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akisubiri Mungu amshibishe, hana tawakali bali ana kasoro ya akili. Katika mapokeo ya Kiislamu iko pia habari mashuhuri ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, naye akaelekezwa amfunge kwanza. Jenereta inayolinda chumba cha upasuaji, au friji ya chanjo, au mgonjwa aliyelazwa chini ya mashine ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mwendo mfupi kutoka Magogoni, ni ngamia aliyefungwa, na hakuna mwanachuoni makini atakayemlaumu aliyeifunga. Hata hivyo mgawanyo wa Ghazali una matumizi mengine ambayo wauzaji na wanunuzi wa jenereta hawayafikirii, kwa kuwa mtu anayezipima sababu kwa uangalifu anapotafuta kheri yake mwenyewe hana udhuru wa kuzipima kwa ulegevu pale zinapohusu shari ya mwingine.

Ili swali kubwa lieleweke ni lazima kisanduku chenyewe kifunguliwe. Ndani ya chenjiova ya kujiendesha ya kawaida, ya aina ambayo mafundi huiunda kwa vifaa vinavyouzwa katika maduka ya Kariakoo, mna kontakta mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu. Kontakta ni swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme: koili yake ikipata umeme, vidole vya chuma vya ndani hushikana na kupitisha umeme mkubwa, na koili ikikosa umeme, springi huviachanisha. Kontakta ya kwanza hupokea waya za TANESCO, ya pili hupokea za jenereta, na zote mbili hutoa umeme wao katika waya zilezile zinazokwenda kwenye jengo. Juu ya kontakta hizo hukaa rilei ya fazi, ambayo ni kifaa kidogo kinachozitazama fazi tatu za TANESCO na kutambua pale mojawapo inapopotea au volti inaposhuka kupita kiasi, pamoja na taima zinazohesabu muda. Umeme wa TANESCO ukikatika, rilei huachia. Taima husubiri sekunde chache ili kukatika kwa kupepesa macho kusiiwashe jenereta bure. Jenereta huamriwa iwake, na inapofikisha volti 230 kwa mzunguko wa hezi 50 na kutulia, kontakta yake hufunga. Umeme wa TANESCO ukirudi, kisanduku hakiukimbilii, bali husubiri dakika kadhaa mpaka uthibitike kuwa umerudi kweli, ndipo hulihamisha jengo na kuiacha jenereta izunguke bila mzigo ipoe kabla ya kuzimwa.

Mpaka hapo kilichoelezwa ni kile ambacho mnunuzi hukilipia. Lakini katikati ya kontakta mbili mna kipande chembamba cha plastiki nyeusi, kisichofika upana wa kidole gumba, ambacho ndani yake mna wenzo unaosukumwa na kontakta moja inapofunga ili kuizuia nyingine isisogee. Kipande hicho huitwa intaloki, yaani kifaa cha kufungiana, na huandamana na intaloki ya pili ambayo ni ya waya tu: waya unaokwenda kwenye koili ya kontakta ya jenereta, kwenye skrubu iliyoandikwa A1, haupelekwi moja kwa moja, bali hupitishwa kwanza kwenye skrubu mbili ndogo za ubavuni mwa kontakta ya TANESCO, ambazo kwa kawaida huandikwa 21 na 22, na ambazo huungana pale tu kontakta hiyo inapokuwa imeachia. Koili ya kontakta ya TANESCO nayo hupitishwa vivyo hivyo ubavuni mwa kontakta ya jenereta. Maana yake ni kwamba kila upande hupata ruhusa ya kuwaka kutoka katika kuzimika kwa mwenzake. Waya hizi mbili ni nyembamba, bei yake haifiki kuhesabiwa, na jengo litawaka vizuri kabisa bila ya hizo kwa miezi au miaka. Na bado ndizo zinazobeba uzito wote wa kimaadili wa kisanduku hicho.

Sababu yake iko mtaani, juu ya nguzo. Transfoma ya mtaa hushusha umeme kutoka volti 11,000, na mahali pengine 33,000, hadi volti 400 kati ya fazi na fazi, lakini transfoma haijui upande wa kuingilia wala wa kutokea: ikilishwa volti 400 kutoka upande wa nyumba, hutoa volti 11,000 upande wa pili. Jenereta ikiunganishwa na nyaya za jengo wakati jengo bado limeshikana na laini ya TANESCO, umeme wake hutoka nje kupitia mita, hufika kwenye nguzo, na huweza kupanda transfoma. Fundi wa shirika aliyepanda hapo akiamini kwamba laini imezimwa hushika waya ambao kwa mujibu wa daftari lake umekufa, nao uko hai kwa sababu ya duka moja lililo mtaa wa pili. Njia ya hatari kuliko zote ni ile ya waya wenye plagi katika ncha zote mbili, ncha moja ikichomekwa kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima ilishwe kinyumenyume. Waya wa namna hiyo hauna intaloki ya aina yoyote isipokuwa kumbukumbu ya mtu kwamba amezima meni swichi, na kumbukumbu ya mtu aliyezimikiwa umeme akiwa na wateja dukani si kinga ya uhai wa mtu.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba jenereta ndogo haiwezi kuulisha mtaa mzima, na kwamba mzigo wa majirani utaizima papo hapo. Utetezi huu una ukweli ndani yake, nao ndio unaoufanya uwe wa hatari. Jenereta ndogo ikishikana na mtaa mzima kweli huelemewa. Lakini kazi ya ukarabati yenyewe huanza kwa kuukata mtaa vipande vipande, kwa kuondoa fyuzi za transfoma au kufungua viungo vya laini, na kipande kinachobaki kimeshikana na jenereta kinaweza kuwa kifupi, chenye nyumba mbili tatu, nacho ndicho hasa kile ambacho fundi anakishughulikia. Uwezekano mdogo katika siku za kawaida hukua saa ileile ambayo mtu yupo juu. Hapa ngazi za Ghazali zinarudi na kudai haki yao: mwenye duka anayenunua jenereta ya mamilioni ya shilingi kwa sababu anadhani kwa nguvu kwamba umeme utakatika, kisha akauweka uwezekano wa kumuua mtu katika ngazi ya mambo ya kuwaziwa tu, hajazipima sababu, bali amezichagua.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, imeijadili hali inayofanana sana na hii kupitia mfano wa kisima. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu kwa manufaa yake mwenyewe, na mpitaji akatumbukia akafa, mchimbaji hubeba dhima ijapokuwa hakumsukuma. Akikichimba ndani ya milki yake, kwa kawaida habebi. Mwenye jenereta anaweza kudai kuwa kisima chake kipo ndani ya milki yake, kwa kuwa mashine imo uani mwake na chenjiova imo ukutani mwake. Dai hilo halisimami, kwa sababu hatari inayozungumziwa haiishii uani; inatoka kwa waya kwenda kwenye laini, na laini ni njia ya watu kama barabara ilivyo, kwa kuwa inapita mbele ya kila mlango na kuhudumiwa na watu walio na haki ya kuwapo hapo. Jenereta isiyo na intaloki ni kisima ambacho mdomo wake umefunguka barabarani, hata kama mchimbaji alisimama kwake alipokuwa akikichimba.

Lakini hata ikikubaliwa, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kisima kimo ndani ya milki, bado lipo tawi la suala hili linalopatikana katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kimekuwa nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Huko anatajwa mtu aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake, kisha akamwita mgeni, na mgeni akatumbukia bila kujua. Na kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nyumba hubeba dhima, kwa sababu mwito wake ndio uliomleta mgeni kwenye shimo. Ni vigumu kupata maelezo yaliyo karibu zaidi na kinachotokea Kariakoo umeme unapokatika. Mwenye jengo huwasha jenereta, na dakika ileile huchukua simu na kupiga kitengo cha dharura cha TANESCO akieleza kwamba mtaa wake hauna umeme, akitaja nguzo iliyo jirani na kuomba fundi aletwe upesi. Yeye ndiye aliyemwita, na anayekuja huja kwa mwito huo. Ikiwa waya wa nguzo hiyo uko hai kwa jenereta yake, basi amemkaribisha mgeni ukumbini penye kisima na kuzima taa.

Maandiko ya Kiyahudi na Kikristo yanakwenda njia hiyohiyo kwa hatua mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu anayeacha shimo wazi hulipa thamani ya ng'ombe au punda aliyetumbukia. Sheria hiyo huja baada ya ajali na kuangalia mali iliyopotea. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo kuzunguka paa lake ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo; sheria hii huja kabla ya ajali, wakati wa ujenzi, na haimsubiri mtu yeyote aanguke ndipo iseme. Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba atakayeanguka hatajwi kwa jina, kabila wala ujamaa. Hata kama ni mgeni, hata kama ni mtu aliyepanda paani bila sababu ya maana, ukingo unamdai mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Waya unaopita kwenye skrubu 21 na 22 ni ukingo wa namna hiyo, na anayejenga akaishi bila ya huo hawezi kusema kwamba hajavunja amri kwa kuwa hakuna aliyeanguka bado.

Ni kweli kwamba fundi wa nguzoni naye ana kanuni zake, zinazomtaka aupime waya kabla ya kuugusa na kuiunganisha laini na ardhi ili umeme wowote unaokuja bila taarifa umalizikie ardhini. Mahakama, ya dunia au ya kadhi, ingeweza kugawa dhima kati yake na mwenye jenereta kwa kuangalia nani alizembea zaidi. Lakini dini haiishii katika kugawa malipo. Wanazuoni wa Shafi humlazimisha kafara, yaani kitendo cha kujisafisha mbele ya Mungu, hata yule aliyeua kwa kusababisha tu, kama mchimbaji wa kisima, ilhali wanazuoni wa Hanafi hulazimisha diya, yaani fidia ya damu, bila kafara. Na katika hitilafu hiyo msimamo unaofuatwa pwani una uzito wa pekee kwa suala hili, kwani unasema kwamba aliyeweka sababu ya kifo ana jambo la kujibu kwa Mola wake ambalo halifutwi na fedha iliyopewa familia wala na uzembe wa marehemu.

Hapo ndipo linapoingia swali linalozushwa na kujiendesha kwa kifaa. Chenjiova ya kisasa huchagua yenyewe. Saa nane za usiku, mwenye jengo akiwa amelala Mbagala au Tabata, umeme hukatika Kariakoo, kisanduku huamua, jenereta huwaka, na hakuna mkono uliogusa kitu. Je, tendo hilo ni la nani? Jibu la haraka, kwamba ni la mashine, halina msingi katika fikihi wala katika falsafa. Uwakili katika fikihi humhitaji wakili mwenye akili, anayeweza kuambiwa jambo, kulielewa na kuulizwa kuhusu alivyolitenda, na kontakta haina sifa hata moja kati ya hizo; kwa hiyo baina ya mwenye jengo na matokeo hakuna mtu wa tatu wa kusimama, na tendo humrudia yeye na fundi aliyemfungia. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili yake kwa Nikomako, alieleza kwamba aliyekwisha kurusha jiwe hawezi tena kulirudisha, na bado kurusha kulikuwa katika uwezo wake kwa kuwa chanzo cha mwendo kilikuwa ndani yake. Anayefunga chenjiova hurusha jiwe litakalochukua miaka kumi kutua, na wakati wa kulielekeza ni ule wa kukaza skrubu.

Kwa sababu hiyo kujiendesha hakuupunguzi wajibu, bali huusogeza nyuma na kuukusanya katika siku moja. Kila namba iliyowekwa kwenye taima ni hukumu ya mwanadamu iliyogandishwa. Sekunde ambazo jenereta husubiri kabla ya kuwaka ni hukumu juu ya nani anaweza kuvumilia giza na kwa muda gani: kanuni za Marekani kwa mifumo ya kuokoa maisha hospitalini zinataka umeme wa akiba uwe umeshika ndani ya sekunde 10, ilhali duka la vitambaa lingeweza kusubiri dakika nzima bila kumkosea mtu. Aliyechagua namba hizo hatakuwapo zitakapotumika, na wala hataulizwa usiku huo kama bado anazikubali; ndiyo maana inampasa azichague kama mtu anayeandika wasia.

Inaweza kupingwa kwamba wema unaotendwa na kifaa si wema, kwa kuwa matendo katika Uislamu hupimwa kwa nia, na kifaa hakina nia; na kwamba mlinzi anayeamka usiku, akazima meni swichi ya TANESCO kwa mkono wake akimkumbuka fundi aliye nguzoni, ametenda jambo bora kuliko intaloki inayofanya vilevile bila kujua. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Mlinzi huyo kweli ana ujira wake. Lakini nia haihitaji kuwapo wakati wa matokeo ili ihesabiwe. Mtu aliyechimba kisima cha sadaka hupata thawabu kwa kila anayekunywa akiwa yeye mwenyewe kaburini, na hiyo ndiyo maana ya sadaka inayoendelea. Zaidi ya hayo, kuuacha uhai wa mtu utegemee kila usiku ubora wa nia ya mlinzi aliyechoka ni kumpa mlinzi nafasi ya thawabu kwa kumkopesha fundi hatari. Anayempenda jirani yake hujifunga mapema, akijua kwamba yapo masaa ambayo mapenzi yake yatakuwa yamelala.

Hata hivyo sifa hii isipewe kitu kisichostahili. Kinachomlinda mtu wa nguzoni ni kule kuzuiana kwa pande mbili, wala si kujiendesha kwa kisanduku, na mambo haya mawili hutenganishika. Ipo chenjiova ya mkono, swichi moja yenye mpini unaokaa mahali patatu, TANESCO upande mmoja, jenereta upande wa pili na sifuri katikati, ambayo kwa umbo lake haiwezi kushika pande zote mbili kwa pamoja. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya ile ya kujiendesha, na kwa haki ya jirani inatosha kabisa, ikiwa imefungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mama lishe wa Feri mwenye jenereta ya kuwashia friji moja anaweza kuutimiza wajibu wote kwa swichi hiyo, wakati mwenye ghorofa aliyenunua mtambo wa kujiendesha wenye kioo cha namba, kisha akafungiwa bila waya wa ubavuni kwa sababu fundi alikuwa na haraka, atakuwa hajautimiza hata robo. Soko linauza wepesi wa kuwaka, na mnunuzi anauliza sekunde. Ni haki kumtaka aulize pia ni kipi kitakachozuia kontakta ya pili ikiwa vidole vya ile ya kwanza vitaungua na kugandana, jambo linalotokea kweli kontakta ndogo inapobebeshwa mzigo mkubwa. Katika hali hiyo ule wenzo wa plastiki nyeusi, ambao hausomi ishara yoyote ya umeme bali unazuia kwa mwili wake, ndio unaobaki ukisimama.

Fundi anayefunga chenjiova naye ana hukumu yake katika jambo hili. Fundi anayehudumia watu wote, asiye mwajiriwa wa mmoja, amejadiliwa katika fikihi tangu zama za makhalifa, na inapokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhima ya walichokabidhiwa kwa kuona kwamba maslahi ya watu hayalindwi bila ya hivyo. Kauli yenye nguvu kwa Shafi ni nyepesi kwake: mkono wake ni mkono wa amana, na halipi isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Wepesi huo una sharti lake, kwani amana humdai mtu uaminifu pale ambapo hakuna anayeona, na hakuna mahali panapoonekana kwa uchache zaidi kuliko ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu nne. Mwenye jengo hana elimu ya kukagua, na fundi wa nguzoni hana nafasi ya kukagua. Kati ya watu wote wanaohusika, ni mmoja tu anayejua kama waya wa ubavuni upo.

Suala hilo huwa gumu zaidi fundi wa pili anapokuja. Kontakta ikigoma kuvuta, njia ya mkato ni kuuondoa waya kwenye 21 na 22 na kuupeleka moja kwa moja kwenye A1, ili jengo liwake na mteja atulie. Mara nyingi fundi wa pili hafanyi hivyo kwa ubaya, bali kwa kutoelewa waya huo unafanya kazi gani, kwa kuwa mwenzake hakuacha mchoro. Kwa kanuni ya fikihi kwamba mtendaji hutangulizwa mbele ya aliyesababisha tu, dhima huhamia kwa yule aliyekifunua kisima kilichokuwa kimefunikwa, na fundi wa kwanza hutoka salama mbele ya kadhi. Ila aliyefunika akijua kwamba wengine watakuja baada yake, na akaacha kifuniko kisicho na alama, amebakiza sehemu ya kazi yake. Na sehemu hiyo ni karatasi moja yenye mchoro wa nyaya, iliyobandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, ikitaja kwa Kiswahili cha kawaida kwamba waya huu unamlinda mtu aliye juu ya nguzo na usiondolewe.